Kompyuta kumi kubwa zimetoka, ndogo zimeingia, tokeni za umeme bado zinaliwa. Wati zinaenda wapi?

#1 Saiba_Kondele · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Wadau, habari za asubuhi. Niende moja kwa moja.

Saiba ya viti kumi, Kondele, Kisumu, wazi saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili imefungwa. Zilizotoka ni minara ya HP na Dell yenye i3 ya kizazi cha pili, na skrini za inchi 19 za zamani zenye taa za mirija ndani. Zilizoingia ni Dell OptiPlex 3050 Micro, prosesa i5-7500T, RAM 8, SSD 240, na skrini za LED.

Hesabu kwenye karatasi ilikuwa hivi. Kiti cha zamani wati 95 na skrini yake. Mara 10, mara saa 12, mara siku 26: uniti (kilowati-saa) 296 kwa mwezi. Kiti kipya wati 18 za kompyuta na 16 za skrini, jumla 34. Mara vile vile: uniti 106. Tukifanya uniti ni shilingi 30, tofauti ni kama 5,700 kila mwezi, na mashine zingejilipa polepole.

Mwezi wa kwanza umeisha. Mita imekula uniti 208. Uniti 102 ziko wapi?

#2 Omena_Kavu · saa 3:22 asubuhi

Uliza paka wa jirani kama amenunua kompyuta.

#3 Hesabu_Kavu · saa 3:41 asubuhi

Kabla watu hawajaanza kuagua: hiyo 296 ya zamani ulipima au ulihesabu? Na hiyo 18 ya mpya umeitoa wapi?

Halafu fanya kitu kimoja cha bure. Mita ya tokeni ina taa nyekundu inayopepesa. Kando yake kumeandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani pepeso kwa kila uniti. Hesabu sekunde kati ya pepeso moja na lingine. Kama ni 1000, gawanya 3,600 kwa hizo sekunde, umepata wati zinazotumika dakika hiyo. Kama ni 1600, gawanya 2,250. Usipime pepeso moja tu. Hesabu kumi, chukua muda wote, gawanya kwa kumi.

Soma mita unapofunga usiku, soma tena kabla hujawasha chochote asubuhi. Uniti 102 kwa mwezi ni kama 3.9 kwa siku ya kazi. Zikiwa zinatoka mchana tu, kuna kitu cha wati 300 na zaidi kimefichwa. Zikitoka saa 24, Jumapili ikiwemo, ni wati 140 hivi zisizolala. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

#4 Fundi_Lolwe · saa 4:05 asubuhi

UPS, vile visanduku vya betri vya kushikilia umeme ukikatika. Hata sihitaji kusubiri mita. Una ngapi?

UPS ya 650VA hata ikiwa haina kazi hula wati 5 hadi 15 kwa transfoma na kuchaji. Weka mkono juu yake. Ikiwa vuguvugu, huo uvuguvugu ni tokeni. Na betri ya ndani, ile ya volti 12 ampia-saa 7, ikishakufa haijai kamwe, kwa hivyo chaja haipumziki. Kisumu ndio kubaya zaidi: betri ya risasi imepimiwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zikizidi umri wake hukatika nusu. Chumba cha Kondele saa nane mchana, chenye bati juu, kiko nyuzi ngapi?

Kosa la pili, watu huzima UPS kwa kitufe cha mbele wakidhani wameizima. Kitufe hukata umeme unaotoka, kuchaji kunaendelea. Chomoa ukutani.

#5 Mtu_wa_Webuye · saa 4:30 asubuhi

Mimi naona ni pawafakta. Hizo adapta ndogo ni mbovu kwa pawafakta, zinavuta mkondo mwingi kuliko wati zilizoandikwa. Mita inahesabu yote. Weka kapasita ya kusahihisha, tokeni zitapoa.

#6 Hesabu_Kavu · saa 4:38 asubuhi

Hapana, na hii iachwe hapa hapa isije ikamfanya mtu anunue vile visanduku vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la kuokoa umeme.

Mita ya mteja mdogo huhesabu nishati halisi, yaani kilowati-saa. Mkondo unaoenda na kurudi bila kufanya kazi haukati uniti. Wanaotozwa kwa pawafakta ni viwanda vinavyolipa kwa kVA, yaani volti mara mkondo wote. Kwa saiba, madhara pekee ya pawafakta mbaya ni joto kidogo la ziada kwenye waya na inveta au UPS kujaa mapema. Kapasita ikiwekwa pale itakula wati yake moja au mbili na kukuachia deni.

#7 Mtu_wa_Webuye · saa 4:51 asubuhi

Sawa, nimeelewa kuhusu mita. Lakini waya moto ni wati halisi, hapo hujanipinga.

#8 Hesabu_Kavu · saa 4:55 asubuhi

Hapo sijakupinga. Kwa wati 340, ni za kuhesabu kwa vidole.

#9 Nyuki58 · saa 5:20 asubuhi

Salamu kutoka Nakuru, huku hatuhitaji feni.

Angalizo la pesa. Usilinganishe shilingi za mwezi huu na za mwezi ule. Risiti ya tokeni ina gharama ya mafuta, marekebisho ya dola, ya mfumko wa bei, ushuru wa EPRA (mdhibiti wa nishati), wa maji, wa REP (umeme vijijini) asilimia 5, na VAT asilimia 16. Baadhi ya hizo hubadilika kila mwezi. Linganisha uniti tu.

Tena bei ya uniti huenda kwa bendi, na bendi huangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Ukipunguza matumizi leo, mfumo bado unakuona mtu wa juzi.

#10 Saiba_Kondele · Jumatano, saa 1:50 asubuhi

Asanteni. Nimerudi na namba.

Mita ni ya 1600. Usiku, kila kitu "kimezimwa", pepeso kila sekunde 24.5, yaani wati 92. Kutoka kufunga hadi kufungua: uniti 1.1. Mchana, saa mbili hadi saa mbili: uniti 6.5.

@Hesabu_Kavu, 296 ilitoka kwenye risiti za tokeni, si kwa kupima kila kiti. Nilichukua uniti za mwezi nikagawanya. 18 niliisoma kwa kipima wati cha kuazima, kwenye mashine moja, eksplora imefunguliwa na hakuna kitu kingine.

@Fundi_Lolwe, UPS ni tano, kila moja inabeba viti viwili. Zote ni vuguvugu.

#11 Fundi_Lolwe · saa 2:15 asubuhi

Nilisema. Tano mara wati 9 ni 45. Ruta na swichi ya milango 16, tufanye 20. Kamera na kile kisanduku chake cha kurekodi, 20. Fotokopi ikiwa imelala, 8. Jumla 93. Mita imesema 92. Nani ana swali?

#12 Omena_Kavu · saa 2:19 asubuhi

Mimi. Umejuaje ana kamera?

#13 Fundi_Lolwe · saa 2:24 asubuhi

Saiba ya Kondele isiyo na kamera imeshaibiwa.

#14 Hesabu_Kavu · saa 2:50 asubuhi

Usiku umekaa sawa, ingawa orodha ya Fundi imetoshea vizuri mno hadi nashuku. Twende mchana.

Uniti 6.5, toa 4.1 za viti, toa 1.1 za vile visivyolala, maana mchana navyo havijalala. Inabaki 1.3 hadi 1.4, yaani wati 115 hivi kwa saa 12. Hiyo ndiyo maiti isiyo na jina.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kama 296 ilikuwa ya mita, basi ndani yake mlikuwa na UPS, ruta, kamera, fotokopi, kila kitu. Uliibebesha minara mizigo isiyo yake. Toa zile uniti 102 zisizo za kompyuta, inabaki 194. Gawanya kwa siku 26, saa 12, viti 10: wati 62 kwa kiti, na skrini ndani. Kwa i3-2100 na skrini ya mirija, 62 ni namba ya kweli kabisa. 95 haikuwahi kuwepo.

Kwa hivyo hakuna kilichopotea. Umeokoa uniti 88 kwa mwezi kwenye viti, na ahadi ya 190 ilikuwa ya karatasi.

#15 Fundi_Lolwe · saa 3:02 asubuhi

Hiyo inaeleza tofauti, haielezi 115. Wati 115 ziko pale ukutani leo, mashine za zamani ziwepo zisiwepo.

#16 MamaPrinta · saa 3:30 asubuhi

115 ni fotokopi. Mnapita kando yake kama si mtu.

Fotokopi na printa ya leza hazili umeme wa karatasi, zinakula umeme wa rola ya joto inayoyeyusha tona. Rola lazima ifike karibu nyuzi 200. Ikiwa kwenye "tayari", inawashwa na kuzimwa kila baada ya sekunde kadhaa ili isipoe, hata kama hakuna anayetoa karatasi. Fotokopi ya kati wastani wake ukiwa tayari unaweza kuwa wati 50 hadi 100, na ikianza kutoa inapanda hadi elfu na zaidi kwa muda mfupi. Ndiyo maana taa za chumba hupungua kidogo ikianza.

Ingia kwenye menyu, tafuta muda wa kulala. Nyingi hutoka kiwandani na dakika 15 au 30. Saiba yenye mteja kila dakika kumi, haitalala mchana kutwa. Weka dakika 1 au 2. Hasara: karatasi ya kwanza itasubiri sekunde 15 hadi 30, na wateja wa Kisumu hawana subira hiyo. Njia ya kati ni kukusanya kazi, mtu wa kitambulisho na mtu wa cheti wasubiriane.

Na usiichomeke kwenye UPS. Rola ikivuta, UPS ya 650VA itapiga kelele au kuzima, na betri itachakaa bure.

#17 NjoroLinux · saa 6:45 mchana

MamaPrinta ana haki yake, lakini hebu tuangalie hiyo 18. Ilipimwa mashine ikiwa haina kazi. Mteja wa saiba anafanya nini? YouTube.

Video za YouTube huja zimefungwa kwa kodeki kama VP9 au AV1. i5-7500T inafungua VP9 kwa chipu yake ya picha, bila jasho. AV1 haiwezi. Kwa Intel, chipu za kufungua AV1 zilianza kizazi cha 11. YouTube ikimpa mteja video ya AV1, prosesa inaifungua kwa misuli, na mashine iliyokuwa wati 18 inapanda hadi 25 au 30. Bonyeza kulia juu ya video, chagua takwimu za wajuzi, soma mstari wa kodeki. Ukiona av01, ndiyo hiyo. Dawa: kiendelezi cha kivinjari kinachoikataza AV1, kiitwacho enhanced-h264ify. Dakika mbili kwa kila mashine.

Pili, BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Bonyeza F2 ikiwaka, nenda Performance, hakikisha "C-States Control" imewekewa alama. Mashine za mitumba kutoka ofisi mara nyingine hufika zimezimwa. Bila hiyo prosesa hailali kati ya kazi, na unaongeza wati 5 hadi 10 bila kujua. Kisha Power Management, "Deep Sleep Control", chagua S4 and S5, ili ikizimwa isiendelee kulisha USB.

Tatu, kwenye Windows fungua amri kama msimamizi:

powercfg /requests
powercfg /energy

Ya kwanza inakuonyesha programu inayozuia usingizi. Ya pili inasikiliza sekunde 60 na kuandika ripoti. Kwenye Linux ni powertop. Tazama safu ya pkg. Ukiona haifiki ngazi ya usingizi ya C6 au zaidi, kuna kifaa kinachoishikilia macho.

Na tukiwa hapo, Windows gani? i5-7500T haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifungiwa mlango tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint ingekaa hapo vizuri sana.

#18 MamaPrinta · saa 7:01 mchana

Mint na lile faili la kodi la KRA, la Excel lenye makro? Siku ya mwisho ya kujaza, foleni ikiwa hadi barabarani? Tafadhali.

#19 NjoroLinux · saa 7:04 mchana

Mashine mbili Windows, nane Mint. Foleni ipange kwa hizo mbili.

#20 Fundi_Lolwe · saa 7:40 mchana

Kitu ambacho hamjataja: adapta. Dell ina pini nyembamba katikati ya plagi, inayozungumza na chipu ndani ya adapta. Adapta ya sokoni isiyo na chipu hiyo, au pini ikipinda, mashine inalalamika ikiwaka kwamba haitambui adapta, kisha inajifunga mwendo. Prosesa inatembea chini ya gigahezi moja. Mteja anasema "mashine ni slo", mwenye saiba anasema ni virusi.

Sasa swali zuri: mashine iliyofungwa mwendo inakula kidogo au zaidi?

#21 Hesabu_Kavu · saa 8:10 mchana

Kwa kazi yenye mwisho, zaidi. Ukurasa unaofunguka sekunde 2 kwa wati 30 ni jouli 60, halafu prosesa inalala. Ukurasa ule ule kwa sekunde 10 kwa wati 14 ni jouli 140, na skrini imewaka wakati wote huo. Kazi imalizwe haraka, mashine ilale.

#22 NjoroLinux · saa 8:18 mchana

Si kila mara. Video haina mwisho wa haraka, inakwenda kwa mwendo wake. Na kupandisha prosesa hadi mwendo wa juu kabisa kunapandisha volti, na wati hupanda kwa mraba wa volti. Kuzima turbo kwenye mashine za saiba hupunguza joto na kelele ya feni, mteja haoni tofauti. Kwa hiyo jibu ni katikati, usikimbie sana, usitambae.

#23 Hesabu_Kavu · saa 8:21 mchana

Nakubali kuhusu turbo. Sikubali kuhusu "katikati" bila kipimo.

#24 Jua_la_Ahero · saa 12:30 jioni

Wati 340 mnazililia siku mbili. Ondokeni kwenye mita.

Uniti 4.1 kwa siku. Huku kwetu jua la kuhesabu ni kama saa 5. Toa robo ya hasara za joto, vumbi na waya: 4.1 gawanya kwa (5 mara 0.75), unapata kilowati 1.1. Paneli tatu za wati 400. Ziinamishe nyuzi 10 hadi 15. Tuko kwenye ikweta na zingeweza kulala kabisa, lakini mvua haitaosha paneli iliyolala. Acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto inakula karibu asilimia 0.35 hadi 0.4.

Muhimu zaidi, msiweke inveta kwa kompyuta. Micro inakunywa volti 19.5 ya mkondo mmoja. Mnachukua betri, mnapandisha hadi 240 kwa inveta, kisha adapta inashusha tena. Njia ile inapoteza moja kati ya tano, na inveta ya 1kVA yenyewe hula wati 10 hadi 25 ikiwa imekaa tu. Tumia kibadilishi cha volti 24 hadi 19.5, kimoja kwa kila mashine.

Na iwe 24, si 12. Wati 340 kwa volti 12 ni ampia 28. Waya wa milimita za mraba 6, umbali mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza karibu volti 1.6, asilimia 13 na zaidi. Kwa volti 24 ni ampia 14, hasara volti 0.8, asilimia 3 na kitu.

Betri iwe lithiamu ya fosfati. Ya risasi ikishuka chini ya nusu mara kwa mara hufa haraka. Ukiihamisha chaja kutoka risasi kwenda lithiamu, zima ile hatua ya kusawazisha, volti zake zinazidi kiwango cha lithiamu na kinga ya betri itakata.

#25 Fundi_Lolwe · saa 12:44 jioni

Kibadilishi cha 19.5 kitagonga ile ile pini ya katikati niliyosema. Bila chipu ya Dell mashine itatambaa. Kata waya wa adapta halisi iliyoungua, lakini jua kwamba chipu mara nyingi imo ndani ya adapta, haimo kwenye plagi. Ukikata waya peke yake umekata bomba lisilo na maji. Lenovo ndogo ni rahisi zaidi, inataka volti 20 na upinzani kwenye pini ya katikati.

Na plagi zako ziwe na fyuzi moja moja. Lithiamu ikipigwa shoti haipungui kwa huruma.

#26 Omena_Kavu · saa 12:50 jioni

Jamaa aliuliza uniti 102, mmemjengea bwawa la Turkwel.

#27 Mvuke_Menengai · Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Niongeze upande ambao haujaguswa. Kichwa cha mambo haya huwa "kuokoa mazingira". Umeme wa gridi ya Kenya karibu asilimia 90 ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria peke yake ndio sehemu kubwa kuliko zote. Uniti moja ya Kondele ina kaboni ndogo kuliko uniti ya nchi zinazochoma makaa.

Sasa soma ripoti za watengenezaji wenyewe: kwa laptopu na kompyuta ndogo, sehemu kubwa ya kaboni imeshatoka kiwandani kabla mashine haijawashwa. Kwa gridi yetu sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Kwa mazingira, minara kumi iliyokuwa inafanya kazi ingeendelea. Kwa mfuko, ni hadithi nyingine. Tusichanganye hivyo viwili.

#28 Jua_la_Ahero · saa 2:20 asubuhi

Micro zake ni za mitumba. Kaboni ya kiwandani ilishalipwa na ofisi ya ng'ambo.

#29 Mvuke_Menengai · saa 2:26 asubuhi

Kweli, hapo nimeteleza. Lakini basi paneli zako na lithiamu yako ni mpya.

#30 Nyuki58 · saa 2:58 asubuhi

Hiyo asilimia 90 ni wastani. Saa moja hadi saa nne usiku, taa zote za nchi zikiwaka, mitambo ya mafuta huingia. Na magharibi iko mwisho wa waya: turbaini ya Muhoroni iliwekwa pale ili kushikilia volti ya upande wa Kisumu. Sondu Miriu haina bwawa kubwa, megawati zake 60 hufuata mto, na kiangazi mto ni mwembamba. Laini ya volti elfu 220 kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu ilijengwa kwa ugonjwa huo huo.

Kwa hivyo uniti ya saa tano asubuhi na uniti ya saa moja usiku si ndugu. Kazi zinazoweza kusubiri, kama kupakua masasisho na kunakili mafaili, zisiwekwe jioni.

#31 Mtu_wa_Webuye · saa 3:15 asubuhi

Na zile betri za risasi za UPS zikifa zinaenda wapi? Kwa mtu wa chuma chakavu, anamwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye karai. Kesi ya Owino Uhuru kule Mombasa ilihusu risasi ya betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kabla ya kuhesabu kaboni, hesabu risasi.

#32 Fundi_Lolwe · saa 3:22 asubuhi

Leo umeongea. UPS tano za betri ya risasi kwa mashine zinazokula 340 ni nyingi. Moja yenye lithiamu ingetosha.

#33 Saiba_Kondele · Jumamosi, saa 1:40 asubuhi

Matokeo. Alhamisi nilizima fotokopi ukutani siku nzima, wateja wakaenda kwa jirani. Mchana ulitoka 6.5 hadi 5.9. Ijumaa ilirudi, muda wa kulala dakika 2: 6.2.

Swichi kubwa ikizimwa, taa ya mita haipepesi kabisa. Kwa hiyo hakuna paka.

#34 MamaPrinta · saa 1:55 asubuhi

0.6 kwa saa 12 ni wati 50. Nusu ya maiti nimeitambua.

#35 Hesabu_Kavu · saa 2:03 asubuhi

Inabaki 0.7 hadi 0.8, wati 65 hivi. Gawanya kwa viti kumi: 6.5 kila kimoja. Hiyo ni C-States au AV1, chagua. NjoroLinux anaongoza.

#36 Omena_Kavu · saa 2:10 asubuhi

Wadau, na feni?

#37 Fundi_Lolwe · saa 2:12 asubuhi

Feni gani?

#38 Omena_Kavu · saa 2:14 asubuhi

Kisumu. Watu kumi chumba kimoja. Bati. Feni ya dari ni wati 60 hadi 75.

#39 Saiba_Kondele · saa 2:31 asubuhi

Feni iko. Sikuihesabu. Lakini huwashwa saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, si siku nzima.

#40 Hesabu_Kavu · saa 2:40 asubuhi

Saa 6 mara wati 70 ni uniti 0.42. Bado 0.3 na kitu inatafuta mwenyewe. C-States hazijafutwa.

#41 NjoroLinux · saa 2:44 asubuhi

AV1 pia haijafutwa. @Saiba_Kondele, usiguse BIOS na kivinjari siku moja. Jumatatu kiendelezi peke yake, Jumanne BIOS peke yake, soma mita kila mara. Na feni iwe saa zile zile.

#42 Omena_Kavu · saa 2:47 asubuhi

Na jua liwe lile lile, mwambie.

#43 Jua_la_Ahero · saa 3:05 asubuhi

Feni ya mkondo mmoja ya volti 24 ni wati 25 hadi 30.

#44 Mtu_wa_Webuye · saa 3:30 asubuhi

Swali la kando. Ile minara kumi na skrini zake ziko wapi? Skrini za mirija zina zebaki ndani ya taa, mtu asizivunje kutoa shaba.

#45 Saiba_Kondele · saa 3:48 asubuhi

Ziko stoo, zimepangwa, hazijaguswa.

#46 Fundi_Lolwe · saa 3:50 asubuhi

RAM zake ni DDR3? Za gigabaiti 4 zikiwa jozi nitumie ujumbe wa ndani. Na usiziweke kwenye sakafu ya udongo.